Ufunguo Uko Columbus

[Gizani, king'ora cha moshi kinalia mara moja, tii, kisha kinanyamaza. Tii.]

SALOMON: Ndiyo, nani mwenzangu? Namba hii siijui.

GRACIEUSE: Ni mimi, Gracieuse. Nimeazima simu ya Azarias, jirani yetu kinyozi. Yangu imebaki ghorofani.

SALOMON: Ah, dada. Mmeshindaje? Bon, nimetoka Louisville mchana, harusi ya Murhula ilikuwa—

GRACIEUSE: Kaka, ufunguo wa lile kufuli la mlango wa nyuma uko wapi?

SALOMON: Wa dukani?

GRACIEUSE: Wa dukani. Wa mnyororo.

SALOMON: Ninao.

GRACIEUSE: Unao wapi?

SALOMON: Mfukoni. Niko Columbus, naweka mafuta.

GRACIEUSE: Basi ufunguo nao umeenda harusini.

SALOMON: Kuna nini? Na hicho kinacholia—

GRACIEUSE: King'ora. Waya nyuma ya friji ya dukani umeungua, makasha matupu uliyoyapanga pale yakashika moto. Ngazi ya mbele ikajaa moshi mpaka kwangu juu. Nikamshika mwanangu Cibalonza, tukashuka kwa nyuma.

SALOMON: Mungu wangu. Mmeumia?

GRACIEUSE: Hatujaumia. Azarias aliingia kwa mbele na mtungi wake wa kuzimia moto, akazima. Tumekata umeme.

SALOMON: Asante Yesu. Sasa sikiliza. Mkaguzi wa zimamoto anakuja kesho saa tatu. Fungua madirisha, harufu itoke. Tupa makasha. Mimi saa tano usiku niko hapo dukani, Black Rock, natoa mny— [mkwaruzo]

GRACIEUSE: Unakatika.

SALOMON: Nasema natoa mnyororo kabla hajauona. Wewe weka sahihi kwenye karatasi ya ukaguzi wa milango kama kila siku, donc duka lisifungwe—

GRACIEUSE: Kama kila siku? Leo asubuhi nimeandika, mlango wa nyuma uko wazi. Jana pia. Sikwenda hata kuangalia, maana nimezoea kaka yangu huutoa mnyororo kila asubuhi; nikasahau kwamba safari hii hayupo. Mimi, niliyekaa darasani jioni miezi mitatu nikifundishwa kwamba mlango wa kutokea lazima ufunguke kwa ndani bila ufunguo.

SALOMON: Duka la bangi, hata likiwa na leseni, lina wezi wake, Gracieuse. Lile la Kenmore waliliingilia kwa nyuma.

GRACIEUSE: Si Kenmore unayoiogopa.

SALOMON: Usianze.

GRACIEUSE: Kule Bukavu wavamizi waliingia kwa nyuma. Najua. Nilikuwa chini ya kitanda, mkono wako mdomoni mwangu.

SALOMON: Papa alikuwa ameniambia nikafunge ule mlango.

GRACIEUSE: Ulikuwa na miaka kumi na miwili.

SALOMON: Sasa nafunga. Kila jioni nafunga, narudi kuangalia tena.

GRACIEUSE: Na leo umetufungia sisi ndani.

SALOMON: [mkwaruzo] —sikusikia.

GRACIEUSE: Umesikia. Azarias ameleta mkasi wake wa kukata chuma.

SALOMON: Asikate. Mtalalaje na mlango mtupu?

GRACIEUSE: Kipo kitasa ambacho mtu wa nje hawezi kukifungua, wa ndani anasukuma tu. Nilikuonyesha kwenye daftari langu. Ukacheka, ukasema hayo ni mambo ya Wazungu.

SALOMON: Saa tano tu, dada, nakuomba—

GRACIEUSE: Na kesho mkaguzi nitamwambia yote. Waya, mnyororo, na sahihi zangu mbili za uongo.

SALOMON: Utatupotezea leseni. Tutakula nini, mimi na wewe?

GRACIEUSE: Usiniulize chakula. Niulize tulikaa muda gani nyuma ya mlango ule.

SALOMON: Gracieuse—

GRACIEUSE: Cibalonza alisukuma kama walivyomfundisha shuleni, mikono yote miwili. Haukufunguka. Akanitazama, akaniuliza kama yeye ndiye hakusukuma vizuri.

[Tii.]

SALOMON: Azarias yuko hapo?

GRACIEUSE: Yuko.

SALOMON: Mwambie akate.

[Kishindo cha mnyororo kwenye sakafu.]

SALOMON: Ni wenyewe huo?

GRACIEUSE: Ni wenyewe. Simu ya watu inazima, kaka. Endesha polepole, huku barabara ina barafu. Makaripio mengine nimekuwekea. Ngoja, mpwa wako ananivuta mkono—

CIBALONZA: Tonton, mlango unafunguka sasa.