Kikanisa Chenye Nafasi ya Kitanda

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Ramani anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya ujenzi ya jimbo Katoliki. Sisi wa chumba cha michoro tumeagizwa tuseme mema yake tu. Haya, tutajitahidi, ingawa kuna siku alitufutia kazi ya wiki nzima kwa sababu tabernakulo, kisanduku cha Ekaristi, ilikuwa imefichwa nyuma ya nguzo.

Alianza kwa kosa, na mwenyewe hupenda kulisimulia. Kikanisa cha kwanza alichokichora kilipendeza, ila altare aliisogeza mno ukutani. Siku ya kutabaruku, padre, mtu mwenye mwili wake, aliizunguka na chetezo akanasa nyuma. Alitoka kwa ubavu, moshi ukimfuata, wanakwaya wakiimba huku wakibana vicheko. Mama Ramani alitamani ardhi ipasuke immeze.

Tangu hapo hachori kitu kabla ya jaribio. Huagiza meza ya jikoni na viti vipelekwe kiwanjani, waumini wakae, wapige magoti, wapange foleni ya Komunyo. Kisha humwomba mwanamume mnene kuliko wote parokiani aizunguke meza. Kuna mahali mashemeji wawili walinuniana, kila mmoja akimsukumia mwenzake cheo hicho. Mnene akipita bila kugusa kitu, ndipo kazi ya kuchora inaanza.

Aliyemwomba mwongozo wa kujenga kikanisa aliupata papo hapo, tena kwa mdomo. Kidogo kisijifanye kanisa kuu. Altare iwe moja na kila aliyekaa aione. Neno lisomwe mahali pake, si popote ulipofikia waya wa spika. Mwanga utoke ubavuni, usimpofushe msomaji. Na mlango upitishe jeneza na bibi harusi na gauni lake, maana wote wawili wana haki ya kupita bila kubanwa.

Kazi ya mwisho ndiyo iliyomnyima usingizi: kikanisa cha hospitali. Miaka nenda miaka rudi, wagonjwa wasioweza kuinuka walisikia Misa kwa spika ya wodini tu. Kamati ikataka ngazi tatu mbele ya altare na mabenchi hadi ukutani, eti ndiyo heshima. Mama Ramani akakataa katakata. Ngazi zikijengwa, jina lake lifutwe kwenye mchoro. Mwenyekiti, mtu mwema lakini mbishi, naye akashikilia lake: bila ngazi patafanana na chumba cha kumsubiria daktari. Tukaogopa kwamba mama wa watu atatuaga kwa ugomvi.

Akarudia jaribio lake katika chumba kilichotengwa, mabenchi yakiwa yamepangwa kama kamati ilivyotaka, ila safari hii hakuomba mnene, aliomba mgonjwa. Akaletwa bibi mmoja mshonaji, aliyevunjika nyonga, juu ya kitanda chake cha magurudumu. Kitanda kikakwama kwenye benchi la nyuma kabisa. Bibi akalalamika, sauti ikafika hadi dirisha la dawa, kwamba yeye kaja kusali na wao wanamwonyesha dari! Mwenyekiti alicheka mpaka akatoa leso, halafu leso ikawa ya machozi. Alishika benchi upande mmoja, akamwita Mama Ramani ashike wa pili, wakalitoa nje, na habari ya ngazi ikaishia hapo.

Jumapili ya kwanza baada ya kikanisa kufunguliwa, muuguzi wa zamu aliingia wodini akakuta hakuna mgonjwa wala kitanda, spika inaimba peke yake. Alitoka mbio, roho mkononi. Akawakuta wote wamejipanga mbele ya altare, bibi mshonaji katikati, akimkaripia jirani yake kwa kukoroma wakati wa mahubiri.

Mama Ramani, asante sana. Tutakukosa, tusidanganyane. Tunakuombea afya, usingizi mnono na wajukuu wenye adabu. Na ikitokea siku ukalazwa, Mungu apishe mbali, kitanda chako kina pa kukaa, mbele kabisa.