Mshonaji Ambaye Hakuvuta Hata Sigara Moja

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961, mtoto wa tatu kati ya saba wa mwalimu wa hesabu. Alimaliza darasa la saba mwaka 1975, kisha akasomea ushonaji kwa miaka miwili. Waliomfundisha walilalamika kwamba mdomo wake ulikwenda mbio kuliko cherehani.

Kuanzia 1979 alishona sare za wauguzi. Siku moja mtaalamu wa maabara alimletea koti jeupe lenye matundu mawili ya moto. Marehemu akamwuliza, “Kijana, koti hili unalivaa au unalizimia sigara?” Walifunga ndoa tarehe 16 Juni 1984, wakajaliwa binti na mwana. Cherehani iliwekwa sebuleni, kiti cha mumewe kando yake. Yeye alishona, mume alivuta, wakapiga soga miaka thelathini.

Mumewe alifundisha wanafunzi kwa hadubini. Aliwaonyesha seli za kinga kutoka mapafu ya mvutaji, yaani yeye mwenyewe: nyingi, lakini zimejaa masizi na zimechoka kumeza vijidudu. Mwaka 2014 alitaka za mtu asiyevuta, azilinganishe, akamwomba marehemu makohozi.

“Umekosa watu wa kuomba mpaka mkeo?” alisema, akacheka, akatoa.

Seli zake nazo zilikuwa na masizi. Mume alidhani amechanganya vibandiko vya sampuli, akarudia kipimo mara tatu. Jioni alimwambia ukweli. Marehemu akasema, “Basi fungua dirisha.” Tangu hapo mume hakuvuta tena, ila alikuwa amechelewa, na jambo hilo linamuuma hadi leo.

Kikohozi kilianza mwaka 2019. Homa ya mapafu ilimlaza hospitali mara nne, kwa kuwa kinga ya mapafu yake ilishaelemewa. Daktari hakutaka kutaja sababu moja. Mumewe, aliyeandika wasifu huu, anaitaja: ni moshi wake. Alipomwomba msamaha wodini, marehemu alimjibu, “Nilishakusamehe zamani. Ila usije ukaandika kwamba niliugua tu. Mwambie kijana wetu, mbele za watu, maana faraghani hasikii.”

Alifariki tarehe 3 Februari 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, binti, mwana, na wajukuu watatu wa miaka minane, mitano na miwili, ambao baba yao, mwana wetu huyo, bado anavuta sebuleni wakicheza. Mungu amlaze pema. Alichoagiza kimesemwa.