Neno Lililo Mlangoni pa Mzee Gonga

Ifikapo tarehe thelathini Juni, mhariri wetu mwandamizi, ambaye shirika zima kuanzia getini hadi chumba cha mashine za kuchapia vitabu humwita Mzee Gonga, atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne ya utumishi, na siku hiyohiyo atastaafu kwa mujibu wa sheria. Sisi tuliobahatika kufanya kazi naye mlango kwa mlango tunaomba, kwa heshima na taadhima, nafasi katika jarida hili tueleze habari zake, huku tukikiri mapema kwamba kalamu yetu haimfikii.

Aliajiriwa akiwa kijana, msomaprufu, katika chumba kilichopakana na mashine, ambamo meza zilitetemeka na chai ilimwagika yenyewe. Miaka sita baadaye alipandishwa cheo, na mlangoni pake pakabandikwa kibao chenye neno moja: EDITA. Hapo ndipo vituko vilipoanza. Kila aliyepita alilitafsiri neno hilo atakavyo. Mlinzi wa getini aliamini kwamba edita ndiye mwenye shirika, akawa anampigia saluti. Mama mkwe wake, alipoarifiwa kwamba mkwewe analipwa kwa kusoma, alimuuliza binti yake kwa upole kama mumewe hajafukuzwa kazi akaona haya kusema. Waandishi, kwa upande wao, walilielewa kwa maana moja tu: mtu mwenye mkasi.

Yeye hakuchoka kufafanua. Kila mwajiriwa mpya alipewa somo lilelile dirishani, kwamba edita ni mhariri, na neno ni moja lakini viti ni vingi. Mhariri mkuu huamua kitabu kipi kiingie na kipi kirudi kwao. Mhariri msanifu hunyoosha sentensi, na huhakikisha kwamba marehemu wa sura ya tatu hanyoi ndevu katika sura ya saba. Msomaprufu hunasa makosa ya mwisho. Lakini katika viti vyote hivyo, alisisitiza, edita ni mgeni katika nyumba ya mtu: anaweza kufagia, ila hahamishi kitanda bila kupiga hodi.

Somo hilo lilituingia barabara mwaka aliokuja bibi mmoja, mkunga mstaafu, akiwa na mswada wa maisha yake ya kazi, ulioandikwa kwa mkono na kufungwa kwa bandeji. Alitamka wazi kwamba likiingizwa neno lisilo lake, ataurudisha nyumbani, na kitabu hakitachapwa kamwe.

"Nyie maedita nawajua, mwanangu," alisema. "Mtu anakupa mtoto wake umwogeshe, unamrudishia mwingine."

Mzee wetu hakubishana. Aliusanifu mswada, kisha akamwekea bibi kiti mbele ya meza yake. Alimwambia kwamba atamsomea wote kwa sauti. Popote bibi atakaposikia sauti isiyo yake, agonge meza, na sentensi itarudishwa ilivyokuwa, bila mjadala. Huo ndio utaratibu uliompa jina. Siku za mwanzo bibi aligonga mara kadhaa, na kila alipogonga, kifutio kilifanya kazi. Baadaye kukawa kimya. Sisi wa vyumba vya jirani tukaanza kutumaini.

Ilipofika sura ya mwisho, meza iligongwa hata vikombe vikaruka. Sentensi ilisema kwamba katika utumishi wake wote hakuwahi kuogopa hata siku moja.

"Huyo si mimi!" bibi alifoka. "Huyo ni wewe, edita. Mtoe!"

Mzee Gonga alimfunulia mswada wa awali, akamwonyesha mahali penyewe: mwandiko wake, wino wake, haijaguswa hata nukta. Tuliokuwa mlangoni tuliona mkono wa bibi umeifikia ile bandeji, kama wa mtu anayefunga mzigo wake aondoke. Kisha akacheka mpaka machozi.

"Basi mtoe huyohuyo, baba. Mwongo mkubwa, hata kama ana mwandiko wangu."

Akaomba kalamu. Palepale akaandika jinsi mikono yake ilivyotetemeka kabla ya kila uzazi, tangu wa kwanza hadi wa mwisho, na jinsi alivyoizamisha katika maji ya moto ili mama asiione. Kitabu kilichapishwa, na wanafunzi wa ukunga wangali wanatuandikia kuhusu ukurasa huo mmoja. Hauna hata neno moja la Mzee Gonga, na bila yeye usingekuwapo. Tangu siku hiyo, tukilipita neno lililo mlangoni pake, tunapunguza mwendo.

Kwa kuheshimu utaratibu wake, wasifu huu tulimsomea Jumatatu iliyopita, yeye akiwa amekaa katika kiti cha waandishi. Sifa zote alizisikiliza akitazama dari. Aligonga mara moja tu, taratibu, pale tulipoandika kwamba anaondoka bila huzuni yoyote. Sentensi hiyo tumeiondoa.

Mzee wetu, ahsante kwa kila neno ulilolirudisha kwa mwenyewe. Tunakutakia mapumziko mema na afya tele, wewe na wote wa nyumbani kwako. Nasi tunaobaki, ukitusikia tumeteleza, gonga popote ulipo, tutasikia.