Pengo la Milimita Mbili

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Fundi Pengo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mshona viatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni. Jina hilo halikutokana na meno. Meno alikuwa nayo yote, na aliyaonyesha bila kuombwa.

Alihitimu ufundi wa umeme mwaka 1972. Kwenye cheti mwalimu wake aliandika: “Ana akili, ila hasikii la mtu.”

Mwaka huohuo aliajiriwa karakana ya hospitali, akakaa huko miaka thelathini na tisa. Tarehe 9 Desemba 1978 alimuoa mama yetu, fundi cherehani, na la huyo alilisikia.

Mwaka 1989 alitengeneza mota isiyozunguka, iliyonyooka kama rula, ya kusukuma mlango wa chumba cha upasuaji. Mlango ukagoma. Akarefusha reli, ikawa ndefu, lakini nguvu ileile. Mama alipompelekea chakula aliinama, akachungulia kati ya koili ya waya na bamba la chuma.

“Mume wangu, mbona vimeachana hivi? Ukiinua mguu wa cherehani unaobana kitambaa, kitambaa kinakwenda?”

Fundi mzima akachukua kipimo. Akapima: milimita sita. Akashusha hadi mbili, akaongeza na upana wa koili. Mlango ulifunguka kwa kasi hata daktari mkuu akaruka pembeni. Tangu siku hiyo, kila kazi aliianza kwa swali moja: “Pengo ngapi?”

Alianza kuugua moyo Januari mwaka huu. Wakati huo watoto wake wawili, warithi wa karakana aliyoifungua baada ya kustaafu, walikuwa wamenuniana miezi minane kwa sababu ya mota ya geti. Kaka alitaka koili pana, dada alitaka pengo dogo. Waliketi kila mmoja upande wake wa kitanda cha mgonjwa.

“Wote mko sawa,” aliwaambia. “Fanyeni yote mawili. Na hilo pengo lenu ni la nini? Sogeeni.”

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi.

Enzi za uhai wake, misibani, kila aliposikia “ameacha pengo lisilozibika,” alinong’ona: “Zibeni basi, nguvu inapotea.” Kwa hiyo leo hatutasema hivyo, ingawa inauma sana. Ameacha mjane, wajukuu watano, na watoto wawili wanaosoma wasifu huu kwa zamu, wameshika karatasi moja.

Pumzika kwa amani, Baba. Tumesogea.