Mama Florentine Mukabalisa na Majina Yake ya Ng'ombe

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Mama Florentine Mukabalisa, mwanamke wa kwanza kutangaza mpira huku kwetu Uvira, anastaafu rasmi tarehe 27 Juni mwaka huu. Redio Upepo wa Ziwa itabaki na mikro zote, viti vyote na jenereta yetu inayokohoa. Sauti ndiyo inayoondoka, na sisi wenzake tunazunguka kwenye korido kama watu waliopoteza funguo.

Aliajiriwa kusoma matangazo: misiba, arusi na mbuzi waliopotea. Mbuzi wale aliwasoma kwa uchungu mpaka wenye mbuzi wakalia. Mpira ulikuwa wa mtangazaji Kagabo, ambaye, kwa akili anazozijua mwenyewe, alipanga arusi yake siku ya derbi ya Kasenga na Songo, timu mbili za mitaa yetu. Alijaribu kuiahirisha arusi, mama mkwe akakataa. Mkurugenzi wa wakati ule, Bwana Bonaventure, akampa Florentine mikro kwa sharti: likija lalamiko moja tu, anarudi kwa mbuzi wake na hatoki huko tena.

Sasa, jezi za siku ile zilikuwa zimefuliwa mpaka namba zimefutika, na Florentine hakumjua mchezaji hata mmoja. Alichokijua ni ng'ombe. Huyu ni binti wa Mulenge, kule milimani kwa wafugaji. Baba yake alizoea kuwasifu ng'ombe wake kwa majina, kila mmoja kwa rangi yake, mwendo wake na hasira zake. Ni kazi ya wanaume ile, lakini binti alikuwa pembeni akijifanya anaosha vibuyu vya maziwa. Basi akafungua kinywa. Winga mwembamba wa Songo akawa Gaju, anayeruka mfereji bila kulowa. Beki wa Kasenga, aliyesimama mbele ya goli hata nzi asipite, akawa Bihogo, ng'ombe jike mwekundu anayelala mlangoni. Watu wa pikipiki walizima mota wasikie vizuri. Kasenga ikashinda, na bwana arusi, tunaambiwa, alikuwa na karedio ndani ya koti.

Jumatatu beki akafika redioni. Ni Ndayiragije, mtoto wa wavuvi wa Kalundu, na nyuma yake wajomba watatu wamenuna. Kijana wao ametukanwa, alisema mjomba mkubwa. Ameitwa ng'ombe, tena jike, mbele ya ziwa zima. Bwana Bonaventure alikuwa ameshaishika karatasi ya mbuzi. Mimi, fundi mitambo, nilikuwa nyuma ya kioo, nikisikia yote. Florentine hakuomba msamaha. Alimtazama kijana usoni akamwambia, "Kwetu, ng'ombe ya kuuzisha haiko na jina. Weye, minye nimekupatia." Yaani mwenye jina hauzwi.

Ndayiragije akafikiri, akageuka, akafika mlangoni, akarudi. Aliuliza jina lile linatamkwa namna gani hasa. Jumapili iliyofuata lilikuwa mgongoni mwake, limeandikwa kwa makaa.

Hapo ndipo wazimu ulipoanza! Kabla ya mechi wachezaji walipita mbele ya meza yake kwa mwendo wa ajabu ajabu ili waonekane. Jeancy wa Songo alichechemea msimu mzima bila ugonjwa wowote, anatafuta jina. Waamuzi peke yao hawakupewa, na walielewa maana yake. Upepo wa ziwa ulipovuruga sauti, Mama alivua kitambaa cha kichwa akaifunga mikro, na hatujakirudisha mpaka leo. Alitangaza hadi Baraka na Bukavu. Aligoma kuutangaza mpira wa wanaume mpaka wa wanawake nao uingie hewani, ukaingia. Wasichana aliowafundisha wapo, na mmoja wao, Divine, ndiye atakayeishika mikro sasa.

Msimu huu Ndayiragije alirudi redioni, tumbo mbele, na mjomba mmoja aliyebaki. Lalamiko tena: mwanawe Héritier anachezea Kasenga tangu mwaka jana na bado hajaitwa ng'ombe, na Mama ndiye huyo anaondoka. Mama akamjibu kwamba jina haliombwi.

Jumapili iliyopita, mechi yake ya mwisho, Kasenga nzima ilisubiri kitu kimoja, na si goli. Mwisho mwisho Héritier alijitupa kwenye mstari, akauzuia mpira kwa kifua, akabaki amelala palepale mlangoni. Mama alisimama kitini, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kisha akatangaza kwamba Bihogo amezaa.

Ndayiragije alilia mbele za watu bila haya. Akaja mezani kwetu, akainyakua mikro. Mambo ya ng'ombe hayawezi, alisema, ila samaki anawajua, na kuanzia leo mama huyu anaitwa Mukeke, kwa jina la samaki tunayempenda kuliko wote ziwani. "Samaki yote tunauzishaka," alisema. "Huyu hapana." Na kama amechukia, Jumatatu alete wajomba zake.

Mama Mukeke, tunakushukuru kwa furaha yote uliyotupa. Mapumziko yako yawe mema na marefu, na maziwa yasikauke nyumbani kwako. Jumatatu mlango uko wazi, njoo ulalamike. Jina unalo, kwa hiyo huuzwi.