Kiti Walichoniwekea Mbele

Sifa kwa Bwana, ndugu zangu. Na nyinyi mlio nyuma kabisa, pale mlangoni, Bwana asifiwe hata huko. Leo naanza na nyinyi, maana mimi sasa ni mtu wa huko.

Wengi mnaniita Injinia. Naomba leo mniite Nekesa tu, jina nililopewa na bibi kwa sababu nilizaliwa wakati wa mavuno.

Nilipomaliza chuo pale Busitema, nilikuwa nimesomea mitambo ya kilimo, na kanisa hili lilinipokea kwa ngoma. Mnakumbuka. Mlichinja mbuzi, akina mama wakaimba kutoka barabarani mpaka madhabahuni, na wazee wakaniwekea kiti hapa mbele, kile chenye kitambaa. Ndiyo desturi yetu, mtoto akifuzu harudi kwenye benchi. Nilifurahi sana siku ile. Sikujua kwamba mtu anaweza kuketishwa mbele ya watu wote akabaki peke yake.

Kazi haikuja. Kila Jumatatu nilivaa shati langu, nikabeba mkoba wa vyeti, nikapanda boda kutoka Lunyo mpaka mjini Busia, nikaingia duka la intaneti. Nilituma maombi Kampala, Jinja, Tororo. Nikavuka mpaka, nikajaribu na upande wa Kenya. Huko waliniuliza kwa nini nisitafute kwetu. Kwetu wakaniuliza uzoefu. Uzoefu nitautoa wapi na hakuna aliyeniajiri? Pale Tororo, kwenye geti la kiwanda kimoja, askari alinizoea mpaka akawa ananisalimia, "Madamu, leo tena?" Alisema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kama angenifukuza.

Watu wakiniona na mkoba walisema, Injinia anakwenda kazini. Hakuna aliyeniuliza. Mama alijua, lakini alinisihi ninyamaze, Mungu atende kabla majirani hawajajua. Hata jembe alininyang'anya. "Weka hilo, mwanangu. Watasema tulisomesha bure." Basi nikawa nashinda ndani mchana kutwa, nasikiliza wenzangu wakipalilia na kucheka huko nje, na mimi mikono iko mapajani.

Kilichonivunja ni matanga ya shangazi yangu. Wasichana niliokua nao walikuwa nyuma ya jiko wakimenya muhogo na kutaniana. Nikaenda kwao, nikaokota kisu. Auma, ambaye utotoni tulilala kitanda kimoja, akanitoa kile kisu mkononi taratibu akasema, "Injinia, utachafuka. Nenda kwa wageni." Hakuwa na ubaya. Nikaenda kwa wageni. Nikaletewa soda na sahani iliyofunikwa, nikala katikati ya watu nisiowajua, kwenye msiba wa shangazi yangu mwenyewe. Ndugu zangu, upweke nimeuonja.

Baada ya hapo mchungaji akanipigia simu. Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa ya vijana, naye alitaka niwafundishe waliomaliza masomo namna ya kutafuta kazi na kuipata. Mimi! Nikasema ndiyo, mchungaji, maana mchungaji hapa tunamkatalia vipi? Nikafunga, nikamlilia Mungu anipe kazi kabla ya Jumapili. Jumamosi ikapita, simu kimya.

Nikasimama hapa hapa nilipo sasa. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, jinsi ya kuandika wasifu, jinsi ya kuvaa siku ya usaili. Nikawatazama wale vijana wameshika kalamu wananingoja. Roho akanisukuma niseme kweli. Nikasema, "Mimi sina kazi. Sijawahi kuwa nayo tangu mnipokee. Na nimechoka kukaa peke yangu kwenye kile kiti."

Mama akainamisha kichwa. Nilitaka kutoka nikimbie.

Ndipo Mama Nabwire akasimama. Mnamjua, ndiye anayenunua mahindi Lunyo mpaka Rubongi na kuyavusha Kenya. Hakunipa pole. Aliniuliza, "Sasa wewe mtoto, unajua kufanya nini?"

Jamani, kote nilikopeleka vyeti hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamjibu, "Najua kukausha nafaka isiote ukungu. Na kuipima nikajua kama imekauka."

Akashika kiuno. "Eh, mahindi yangu yanarudishwa mpakani kwa sababu ya ukungu huo huo, na kila Jumapili mimi niko hapa natazama kisogo chako! Nilijua una ofisi yako Kampala. Ningekuanzaje?"

Kumbe yeye aliogopa kile kiti kama mimi. Kesho yake nilikuwa ghalani kwake. Tukaacha kuanika mahindi juu ya udongo mtupu, tukatandika maturubai, nikamjengea kikaushio cha mbao na nailoni. Malori yake yanapita. Sasa wafanyabiashara wengine nao wananiita, na ninalipwa. Tena juzi Auma alikuja ghalani tukapepeta pamoja. Nilikuwa vumbi tupu, akanicheka mpaka akakaa chini. Nilikwenda nyuma ya magunia nikalia kwa furaha.

Namshukuru Mungu. Sikumwona kwenye geti la Tororo, nilimwona siku niliposema kweli. Vijana, vyeti bebeni na maombi tumeni, msiache. Lakini mtu akikuuliza umesomea nini, mwambie na unachojua kufanya. Wala msiugulie jambo hili ndani ya nyumba. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Mimi nilirudi kwenye benchi, lakini kile kiti hakijakaa kitupu. Juzi tumempokea ndugu yetu Wandera kwa ngoma, na leo amekikalia. Wandera, ndugu yangu, usitazame chini. Hilo shati nalijua, na huo mkoba miguuni pako naujua. Sikuulizi kama umepata kazi. Nakuuliza mbele ya hawa wanaokupenda, unajua kufanya nini? Njoo, shika maikrofoni. Nitasimama hapa na wewe.