Matao Mawili ya Chuma

MWALIMU: Haloo? Nani mwenzangu?

FUNDI: Mimi.

MWALIMU: Mimi ni wengi. Mimi yupi?

FUNDI: Mumeo, Mwalimu. Natumia simu ya jirani. Yangu imetumbukia kwenye ndoo ya kupoozea chuma.

MWALIMU: Chuma? Si ulifunga karakana mwaka jana, ukasema unapumzika?

FUNDI: Napumzika. Hapa napumzika sana. [grenda inalia kidogo, inazimwa] Mjukuu wangu hajambo?

MWALIMU: Hajambo, ila analia kama dalali wa mnada. Ndiyo kwanza amelala, kwa hiyo ongea polepole. Mama yake naye hajambo. Asiyelala ni mimi. Wiki ya tatu hii niko kwa binti yako, godoro chini sakafuni, mgongo umepinda kama alama ya kuuliza.

FUNDI: Pole, mke wangu.

MWALIMU: Kesho nikifika nyumbani sisalimii mtu. Naoga, napanda kitandani kwangu, tutaonana keshokutwa.

[kitu cha chuma kinaanguka chini]

MWALIMU: Haloo?

FUNDI: Nipo. Mtandao huu. Ee... nilikuwa na kaswali kadogo. Ukiamka usiku kwenda msalani, huwa unaniruka au unapitia miguuni?

MWALIMU: Unaniuliza nini wewe?

FUNDI: Wewe unalala upande wa ukutani, mimi wa nje. Sasa ukitaka kutoka –

MWALIMU: Miaka thelathini na moja ya ndoa, Fundi. Ndiyo leo unauliza?

FUNDI: Mimi nikilala nimelala.

MWALIMU: Nakuruka. Siku moja nilikukanyaga tumbo, ukasema ahsante. Kwa nini unauliza?

FUNDI: Nataka kujua mlango niuweke upande gani.

MWALIMU: Mlango wa nini?

FUNDI: Wa... [mkwaruzo] ...la.

MWALIMU: Wa nini? Usijifiche kwenye mtandao, mimi nimefundisha watoto wakorofi kuliko wewe.

FUNDI: Wa trela. Ndogo tu. Ya kufunga nyuma ya gari letu. Ina umbo la tone la maji lililolala, mbele nene, nyuma inachongoka. Ndani wanaenea watu wawili, na nyuma unainua kifuniko, unakuta jiko. Fremu yake ndiyo nachomelea hapa uani, ya mabomba ya chuma.

MWALIMU: Watu wawili akina nani?

FUNDI: Mmoja mimi. Wa pili bado namwogopa.

MWALIMU: Fundi, tulishamaliza mambo haya. Mimi sisafiri.

FUNDI: Najua.

MWALIMU: Safari moja ile ilinitosha.

FUNDI: Najua, nilikuwepo. Mahafali ya kijana wetu. Gesti nzuri, shuka nyeupe, wewe ukakaa kwenye kiti mpaka kunakucha, mkoba mapajani, viatu mguuni.

MWALIMU: Nitalalaje kwenye kitanda nisichojua jana yake kalala nani? Mpaka leo sijui.

FUNDI: Ndiyo maana najenga –

MWALIMU: Unajenga banda la kuku lenye magurudumu. Haya, hilo umbo la tone umelikunjaje? Mashine ya kukunjia si uliiuza?

FUNDI: Ah. Hapo pana historia. Bomba nililonunua lilikuwa jembamba, kama karatasi. Ukilikunja linabonyea. Nikasema hapana, nitumie ujuzi wa zamani. Unajaza bomba mchanga, unaziba huku na huku, unalipasha moto pale penye kona, unakunja pole pole. Mchanga hauliachi bomba libonyee.

MWALIMU: Mchanga ulitoa wapi?

FUNDI: Pale kwenye pipa la maji ya mvua.

MWALIMU: Mchanga mbichi, Fundi? Umeuziba ndani ya bomba, halafu ukaupasha moto?

FUNDI: Nilisahau kidogo.

MWALIMU: Maji yakichemka mahali palipozibwa yanakuwa nini? Hili ni swali la darasa la tano.

FUNDI: Mvuke.

MWALIMU: Na mvuke unafanya nini?

FUNDI: Unatafuta njia. Kizibo kimepita dirishani jikoni. Kioo kimoja tu, Mwalimu. Na sufuria.

MWALIMU: Sufuri. Nakupa sufuri, na mzazi wako aje kesho.

FUNDI: Sawa. Ila tao nilipata. Tena mawili, yamekunjwa tayari, yanafanana kama mapacha. Kulia moja, kushoto moja. Yaani mtu angedhani yalitengenezwa kwa kazi hii.

MWALIMU: Uliyapata wapi?

FUNDI: Kwa mtu.

MWALIMU: Mtu gani?

FUNDI: Mtu tunayefahamiana.

MWALIMU: Bomba nene?

FUNDI: Lile la zamani. Siku hizi huliokoti popote.

MWALIMU: Lina rangi?

FUNDI: ...Lina rangi.

MWALIMU: Rangi gani?

FUNDI: Kijani.

[mtoto anaguna kwa mbali]

MWALIMU: Fundi. Kitanda changu kiko wapi?

FUNDI: Umesema mtoto amelala, tuongee –

MWALIMU: Nanong'ona. Kitanda changu kiko wapi?

FUNDI: Kipo. Kiko uani, kimesimama kiubavu. Nimekata kichwa na miguu tu. Nilikuwa nimejilaza juu yake baada ya ile ajali ya kizibo, natazama kule miguuni, naliona tao. Nageuka kichwani, tao jingine. Mwalimu, mkono wenyewe ulikwenda kwenye grenda.

MWALIMU: Kitanda ulichonitengenezea wiki ya harusi yetu.

FUNDI: Nilikikunja kwa mchanga huo huo.

MWALIMU: Mchanga mkavu. Wakati ule ulikuwa na akili.

FUNDI: Wakati ule nilikuwa na haraka.

MWALIMU: Usinichekeshe, nimekasirika.

FUNDI: Kasirika, ila nisikilize, salio la watu hili. Mwaka huu nimekwenda peke yangu mara mbili kwenye maporomoko ya maji. Maji yanashuka, watu wanaitana waje waone. Mimi nageuka kando yangu kusema "ona", hapana mtu. Nimenyong'onyea. Nimerudi bila hata picha. Sitaki tena kuona vitu peke yangu. Sasa chuma ni kile kile, godoro ni lako, mto ni wako. Trela ikisimama popote, unapanda kitandani kwako. Jana yake ulilala wewe.

[mkwaruzo]

FUNDI: Mwalimu? Umekata?

MWALIMU: Nipo.

FUNDI: Nadhani ni mtandao –

MWALIMU: Si mtandao. Napenga kamasi. Kesho nitalala wapi?

FUNDI: Humo humo kwenye trela, uani. Paa tu ndilo bado.

MWALIMU: Basi uombe mvua isinyeshe. Na huo mlango, umesema ni mmoja?

FUNDI: Bomba lililobaki linatosha mlango mmoja.

MWALIMU: Weka miwili. Siwezi kukuruka humo ndani nikagonga kichwa kila usiku.

FUNDI: Chuma, mke wangu. Chuma kimekwisha kabisa –

MWALIMU: Chumba cha pili kuna kitanda cha chuma.

FUNDI: Kile cha wageni?

MWALIMU: Wageni gani? Kina mgeni mmoja tu, wifi yangu. Miezi miwili kila mwaka, na kila asubuhi ananiambia godoro lina bonde.

FUNDI: Dada anakuja mwisho wa mwezi huu. [mlio wa salio] Akija atalala wapi?

MWALIMU: Popote atakapoona panamfaa. Hatatukuta.

FUNDI: Ngoja, umesema hata –

[salio limekwisha]